Baba yangu mstaafu anapigiwa simu za "mapunjo" kila mara, nimlindeje bila kumnyang'anya simu?

BintiWaKibena

Wakuu habari za humu. Naomba ushauri wenu, hasa nyie ambao wazazi wamestaafu na wako mkoani peke yao. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa hivi yuko Njombe na mama wanalima viazi, mimi niko Dar na kaka yangu yuko Mwanza. Mzee ana akili timamu kabisa, gazeti anasoma, taarifa ya habari haimpiti, hesabu za usharika anashika yeye, yaani sio mtu wa kusema uzee umemchanganya.

Sasa kuna siku kapigiwa simu na mtu anaongea kwa heshima mno, "shikamoo mwalimu", kamtajia majina yake yote matatu, kamtajia check namba (ile namba yake ya utumishi serikalini), shule ya mwisho aliyofundisha na mwaka aliostaafu. Akasema yuko Dodoma kwenye mfuko wa pensheni, faili lake limepitiwa imeonekana anadai mapunjo, yaani pesa alizolipwa pungufu, ya milioni kumi na nne, malipo yanatoka Ijumaa, ila ili jina liingie kwenye orodha ya kundi hili achangie laki tatu na nusu ya kuandaa jedwali, na asiwaambie wenzake mana wengine majina hayajatoka wataleta vurugu. Mzee akatuma. Kesho yake akapiga mwingine, huyo anaitwa "mkurugenzi", sauti nzito, kwamba imebaki laki mbili ya mtu wa Hazina. Akatuma tena. Mama ndo aligundua kwa sababu pesa ya mbolea ilikuwa humo humo kwenye simu, alivyoomba ya kununulia mifuko miwili akaambiwa subiri kwanza.

Pesa inauma lakini kinachoniumiza zaidi ni vile amenyamaza. Nimempigia anasema "hayo ni mambo madogo mwanangu yameshaisha" na anabadilisha mada. Wakati mama ananiambia simu bado zinaingia na akiona inaita anatoka nje kwenda kuongelea kule kwenye mikaratusi.

Kaka anataka tumnyang'anye smatifoni tumpe kitochi, ile simu ndogo ya batani, laini ya pesa isajiliwe kwa jina lake yeye kaka na pensheni iwe inapitia kwake. Mimi naona hapo tutakuwa tumemfanya mtoto mzee ambaye ndo ametusomesha wote. Ila nikikataa na wakamla tena lawama itakuwa yangu. Waliopitia hili mlifanyaje?

Makambako1

Pole sana dada. Mimi niko upande wa kaka yako. Hawa watu hawana huruma, wakishajua namba fulani inatuma wanauziana, wiki hii mapunjo, wiki ijayo mkopo, ijayo tena zawadi. Mnyang'anye kwanza ajisikie vibaya mwezi mmoja kuliko akauza shamba. Heshima itarudi baadae.

WakalaMbagala

Makambako1 nakuelewa ila ngoja niseme ninachokiona mimi kila siku, mana mimi ni wakala wa pesa za simu, mitandao yote ninayo, na wazee wa namna hii nawajua toka wanavyoingia mlangoni.

Mtu anayetapeliwa anakuja simu iko sikioni na haikatwi. Juzi juzi hapa kaingia mama mtu mzima, simu kaibana kati ya bega na sikio, namba kaiandika kwa biro kwenye kiganja, noti kazifunga kwenye pindo la kanga. Ananiambia kwa sauti ya chini kabisa "baba niwekee elfu themanini kwa namba hii fanya haraka". Nikamuuliza mama unamtumia nani, akasita, nikasikia kabisa sauti kwenye simu inamwambia "sema mwanao". Akasema mwanangu. Nikamuuliza mwanao anaitwa nani, akanitajia, naangalia jina lililokuja kwenye simu yangu ni la mwanamke. Nikamsomea kwa sauti. Ndo akasema ukweli, kwamba huyo kwenye simu ni mwalimu, mjukuu wake kaanguka shuleni yuko hospitali anatoka damu na daktari hamgusi mpaka pesa iingie. Nikamwambia mama kata hiyo simu halafu piga shuleni, namba hana, basi tukampigia jirani yake mwenye mtoto darasa lile lile akamtuma mtu akaangalie. Mtoto yuko darasani anaandika. Yule jamaa alivyopiga tena nikapokea mimi, matusi aliyonitukana siwezi kuandika hapa. Yule mama alikaa kwenye benchi langu muda mrefu mikono inatetemeka hawezi hata kufunga lile fundo la kanga.

Ninachotaka kusema, wale jamaa silaha yao ni mbili tu, haraka na siri. Hawakatishi simu ili usipate nafasi ya kumpigia mtu mwingine, na wanakwambia usimwambie mtu ili pasiwe na wa kukustua. Kwa hiyo ukimnyang'anya mzee simu hujagusa hata moja kati ya hizo mbili, siku akipata namna nyingine atatuma kwa siri zaidi ya mwanzo kwa sababu sasa anawaficha na nyie.

Fanya hivi. Ukienda Njombe ulizia wakala ambaye mzee anamtumia, huko wanajuana wote hata jina atakuwa analijua. Mwombe kwa adabu, mzee akija kutuma au kuweka pesa kubwa kwa namba ngeni amuulize mambo mawili tu: unayemtumia umewahi kumuona kwa macho? na jina hili lililotokea ndo lake? Sio amkatalie, hapana, hana mamlaka hiyo na pesa sio yake. Amuulize tu. Mara nyingi mtu akishaulizwa na binadamu aliyesimama mbele yake anashtuka. Na mzee mwenyewe akituma kwa simu yake, mfundishe kusoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, wengi wao wanabonyeza moja haraka haraka bila kusoma. Jina peke yake halitoshi mana jamaa wana majibu, watasema "hilo ni la mhasibu wetu", lakini ile kusoma tu inampunguzia mtu kasi.

Mstaafu_Moro

Binti yangu nakusalimu. Mimi ni mstaafu kama baba yako, nilikuwa afisa kilimo, na nimepigiwa simu hizo hizo, kwa hiyo nitakueleza upande wetu sisi wenyewe mana hapa naona mnatuongelea kama hatupo.

Mnashangaa kwa nini mtu mwenye akili zake anaamini. Anaamini kwa sababu uongo ule umekaa juu ya kitu cha kweli. Mfanyakazi wa serikali wa zamani amezungushwa na mafaili maisha yake yote. Kuna waliopandishwa daraja mshahara haukubadilika kwa wakati, kuna ambao michango ya miezi fulani haikuonekana, kuna waliodai nauli ya kufunga mizigo mpaka wakachoka. Halafu mwaka 2018 ile mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, mafaili yakahama, mtu akikwambia faili lako lilikuwa limekosewa wakati wa kuhama huwezi kusema haiwezekani. Mwaka 2022 kikaja kikokotoo kipya, yaani namna ya kupiga hesabu ya mafao, mkupuo unaolipwa ukistaafu ukawa asilimia 33, mwaka 2024 serikali ikatangaza kupandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50. Yote hayo yameongelewa bungeni na kwenye redio. Kila mstaafu nchi hii ana kitu moyoni anachoamini anadai. Sasa anakuja kijana ana check namba yako, ana jina la shule yako, anakwambia lile unalodai limepatikana. Utasemaje hapana?

Kwa hiyo usianze na "baba umetapeliwa". Hilo analijua tayari, ndo maana anaenda kuongelea kwenye mikaratusi. Inawezekana kabisa anaendelea kupokea kwa sababu bado ana tumaini kwamba ile milioni kumi na nne ipo na akiacha sasa hivi ile laki tano na nusu inakuwa imepotea bure. Tumaini hilo ndo linalotakiwa kushughulikiwa, simu haina shida yoyote.

Mimi ningekuwa wewe ningefunga safari, nikamchukua mzee tukaenda wote wawili ofisi ya mfuko ya mkoa, yeye mwenyewe akiwa na kitambulisho chake na barua yake ya kustaafu, akaulize mbele ya dirisha kama kuna chochote anachodai. Aandike na barua, waigonge muhuri nakala yake arudi nayo nyumbani. Kama kuna mapunjo ya kweli yatafuatiliwa kwa njia yake na hatalipa hata shilingi, mana mstaafu halipii kupata haki yake pale. Kama hakuna ataambiwa hakuna. Akishakuwa na jibu lake kutoka kwa watu wenyewe yule wa kwenye simu anakuwa hana tena bidhaa ya kumuuzia. Mimi ndo ilivyoniponya, jibu nilipewa ofisini, sasa wakinipigia nawaambia barua yangu ninayo wanakata wenyewe.

Jambo lingine ni hili la uhakiki, ule wa kuthibitisha kwamba mstaafu bado yupo. Siku hizi tunahakikiwa kwa simu, kwa ile programu ya PSSSF Kiganjani, na matapeli wanalitumia sana, "mzee hujahakikiwa pensheni yako itasimama mwezi huu, nitajie namba ya siri nikuhakiki". Kaa naye umfanyie ule uhakiki wa kweli auone ulivyo, aone kwamba hakuna mahali unaulizwa namba ya siri ya pesa wala unaambiwa utume chochote.

Na kaka yako mwambie asiguse pensheni ya baba yake.

MamaLulu_Ustawi

Naunga mkono mzee hapo juu kwenye hilo la mwisho. Mimi niko ustawi wa jamii ngazi ya kata, kesi tunazopata za wazee kuibiwa pesa za kwenye simu nyingi sio za matapeli wa mbali, ni watoto na wajukuu wa ndani ya nyumba ambao wamepewa namba ya siri "wamsaidie bibi kutoa". Sisemi kaka yako ni mwizi. Nasema laini ikiwa kwa jina lake, kisheria pesa iliyomo ni yake, akifariki leo au akigombana na mkewe huyo mzee atadai wapi? Laini ya mzee isajiliwe kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe na alama zake za vidole. Kama mnataka kumpunguzia hatari pensheni iingie benki kwenye akaunti yake ambayo haijaunganishwa na simu, atoe kwa kadi au dirishani, na kwenye simu awe anaweka pesa ya matumizi tu ya wiki mbili tatu. Hata wakimpata watapata kidogo.

BintiWaKibena

Mzee wa Moro shikamoo. Umenigusa, sikuwahi kulifikiria kwa upande huo wa tumaini. Nitaomba ruhusa kazini niende naye mwenyewe, ofisi ya mkoa ipo pale pale mjini. Wakala na MamaLulu asanteni sana.

Naomba niongeze swali. Mama naye ana WhatsApp, juzi kapata meseji kutoka kwa mtu wa kwaya yao kwamba "mama nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya naomba unirudishie", hajatuma kwa sababu hakuwa na miwani. Hii nayo ni nini? Na hizo pesa za mzee kuna namna ya kuzipata tena au ndo basi?

FundiAggrey

Mwambie mama asiitume hiyo namba kwa mtu yeyote hata kama anayeomba ni mchungaji. Hizo namba sita ndo ufunguo wa WhatsApp yake. Huyo wa kwaya mwenyewe kashaibiwa akaunti yake, mwizi anaitumia kuwapata wengine wa grupu hilo hilo, akimpata mama ataanza kuwaandikia watu wake wote "naomba uniazime laki mbili nakurudishia jioni" na watu watatuma kwa kuwa wanaona picha ya mama pale. Mpigieni huyo mwanakwaya kwa simu ya kawaida mumwambie, asijibiwe kwa WhatsApp mana atakayesoma ni mwizi.

Dawa yake ni ya dakika mbili. Kwenye simu ya mama ingia WhatsApp, mipangilio, akaunti, kuna sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili, washa, chagua tarakimu sita ambazo mama atazikumbuka ila sio tarehe yake ya kuzaliwa, halafu kwenye barua pepe weka ya kwako wewe ili akisahau mfungue. Hapo hata akidanganywa akatoa zile namba sita mwizi atakwama kwenye hizi nyingine.

Mimi ni fundi niko Aggrey hapa Kariakoo, simu za wazee zinapita sana mezani kwangu, kwa hiyo niseme mengine machache ambayo huwa nawafanyia bila hata kuombwa.

La kwanza piga *106# kwenye laini ya mzee, inakuletea namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yake, yaani kitambulisho chake cha taifa. Utashangaa. Hawa wasajili wa laini wa chini ya mwavuli wengine sio waaminifu, mzee anaweka kidole anaambiwa "babu haijasoma weka tena", kumbe ya kwanza ilisoma na ya pili inasajili laini nyingine ambayo inaenda kuuzwa kwa hao hao matapeli. Siku polisi wakiifuatilia namba wanamkuta babu wa watu wa Njombe. Ukiona namba msiyoijua nendeni duka la mtandao husika na kitambulisho ifutwe. Na akisajili laini asajili dukani sio barabarani.

Kuna mchezo mwingine mtu anakuelekeza ubonyeze nyota nyota 21 halafu namba fulani na reli (#), kwamba "tunaboresha mtandao". Hapo unakuwa umezihamisha simu zako zote ziende kwake, zikiwemo zile za kuthibitisha akaunti. Ukihisi limetokea bonyeza ##002# upige, inafuta uhamishaji wote.

Meseji feki za pesa. Meseji ya kweli ya muamala inakuja kwa jina la huduma yenyewe, ikija kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi hata kama imeandikwa vizuri na salio na kila kitu ni mtu kaichapa kwa kidole chake. Baada ya dakika mbili anapiga analia "nimekosea pesa ya matibabu ya mke wangu nirudishie". Mzee asibishane, aangalie salio kwenye menyu, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa hii iliyokuwa Tigo Pesa sasa Mixx. Kama salio halijaongezeka hakuna kilichoingia. Na hata kama kweli imeingia kwa makosa, aliyekosea apige 100 mtandao wenyewe ndo urudishe, mzee asirudishe kwa mkono wake.

Kuhusu kumnyang'anya smatifoni, mimi ninachowashauri wateja ni kutenganisha. Kitochi kibaki na laini ya pesa, namba yake wajue watu wa familia tu. Smatifoni ibaki na laini ya WhatsApp na Facebook isiyo na pesa kabisa. Mzee anaendelea kuangalia picha za wajukuu na kusikiliza kwaya, wale jamaa wakipiga kwenye namba inayojulikana hakuna hela. Kwa baba yako namba ambayo matapeli wanayo ndo iwe ya kuongelea tu, ya pesa asajili mpya kwa jina lake mwenyewe. Kuna wanaosema washa ile ya kuzima simu za namba ngeni, mimi kwa wazee siikubali, mtu wa zahanati au mwenyekiti wa mtaa anapiga kwa namba ngeni na ni jambo la maana.

Facebook umwambie pia. Zile kurasa zenye picha ya Rais au mbunge zinagawa mikopo, na zile za dawa zinazoponya kisukari na presha kwa wiki mbili, hizo ndo zinawapata wazee kuliko linki za kiingereza. Dawa ni mbaya zaidi mana anaacha vidonge vyake vya hospitali.

Wa_Nakuru

Hapa Kenya ni hayo hayo tu, wanabadilisha majina. Mamangu yuko mashambani, walimpigia wakisema ni wa Safaricom laini yake itafungwa kwa sababu haijasajiliwa vizuri, wakataka aweke PIN huku wakimwelekeza. Bahati nzuri tulikuwa tumekubaliana naye kitambo kwamba Safaricom wakimhitaji watampigia na 0722 000 000 peke yake, hiyo namba nimemsevia na jina kubwa. Akaangalia akaona ni 07 ya mtu wa kawaida, akakata.

Kwa wenye wazazi Kenya, piga *100*100# kwa simu ya mzazi, inazuia mtu kubadilisha laini yake kupitia kwa wakala wa mtaani, itabidi aende duka la Safaricom yeye mwenyewe na kitambulisho. Na meseji za ukora unazituma bure kwa 333 wanazifungia.

Kitu kimoja nimejifunza na mamangu, sikumpa orodha ya sheria. Wazee hawashiki orodha. Tuliweka neno moja tu: "ngoja niongee na msichana wangu kwanza". Lolote lile, hata kama ni serikali, hata kama ni askofu, anasema hiyo sentensi halafu anakata. Nilimfanyisha mazoezi, nikawa nampigia mimi nikijifanya mtu wa benki, mpaka ikamtoka bila kufikiria. Na mimi akinipigia nachukua simu hata nikiwa kwa mkutano, kwa sababu nikikosa kushika hiyo moja tu, mpango wote umeanguka.

MtangaMuscat

Assalaam aleikum. Wengi mmeongelea walioko nyumbani, nataka kusema la sisi tulio nje. Mimi niko Muscat, bimkubwa yuko Tanga. Wao wakijua tu una mtoto Uarabuni au Ulaya umekuwa windo. Bimkubwa kapigiwa kwamba mwanao katuma mzigo, friji na simu, umekwama uwanja wa ndege Dar, ushuru laki nne na ukichelewa leo unapigwa mnada. Wamelijua jina langu vizuri kwa sababu mabinamu wananitaja Facebook kila siku ya Idi.

Sasa tumewekeana utaratibu, mzigo wowote nikituma natuma kwanza ujumbe wa sauti kwa bimkubwa na kwa dada yangu, kila mmoja wake, nataja kilichomo na nani ataupokea. Bila ya sauti hiyo hakuna mzigo. Na kwa kuwa siku hizi hata sauti ya mtu inaweza kutengenezwa na kompyuta, akipata simu ya "mama ni mimi nimebadilisha namba" anauliza jambo la ndani ya nyumba ambalo haliko mtandaoni, sisi tuna moja letu la utotoni silisemi hapa. Nawashauri kila familia iwe na lake, na lisiandikwe kwenye grupu la ukoo, mana grupu la ukoo lina watu mia na hamjui simu ya nani imeibiwa.

WakalaMbagala

Narudi kwenye swali la BintiWaKibena la kurudisha pesa mana naona limepitwa.

Ukweli ni kwamba kinachoamua ni muda. Pesa ikitumwa tu, wenzake tapeli wako kwa wakala mwingine wanaitoa, mara nyingi haikai. Mtu akigundua ndani ya dakika chache apige 100 hapo hapo aombe ile pesa izuiliwe kwa aliyepokea, kama haijatolewa inawezekana. Kwa mzee wako zimeshapita siku nyingi, tumaini la pesa ni dogo sana, sitaki kukudanganya. Lakini taarifa itolewe vile vile. Muwe na meseji za miamala ile miwili msizifute, zina namba ya muamala, saa na jina la mpokeaji, mziandike pembeni kwenye daftari. Mwende polisi mfungue jalada mpewe RB, ile namba ya taarifa yenu, kujifanya mtu mwingine ili umlaghai mtu kwa simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na polisi wakishaandika ndo mtandao unatoa taarifa za ile laini. Namba zenyewe mziripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unaandika neno UTAPELI unatuma 15040, watakujibu wakuombe namba ya tapeli, taarifa zikiwa nyingi laini inafungwa. Mpe mzee hiyo kazi aifanye yeye kwa kila namba inayompigia, sio wewe umfanyie. Mimi nimeona wateja wangu wazee wakishaanza kuripoti namba wanaacha kuona aibu, wanakuja hapa kuniambia leo nimepeleka mbili.

Na kitu kimoja mkae nacho chonjo kuanzia sasa. Mtu aliyetapeliwa hupigiwa tena baada ya wiki kadhaa na "afande wa kitengo cha mtandao" au "wakili", kwamba wale wezi wamekamatwa na pesa yake ipo tayari, atume elfu hamsini tu ya kufungulia malipo. Huyo ni yule yule, au kauziwa namba na yule yule. Mwambie mzee mapema kabla hawajapiga, mwambie na mama, kwamba polisi akipiga simu kuhusu hilo jalada jibu ni moja, "nitakuja kituoni", halafu mnaenda kituoni mlikofungua mkaulize wenyewe kwa ile RB yenu.